Kabla Hujapanga Upya Diski ya Kompyuta Yako

Kompyuta nyingi zinazofanya kazi kwenye steshenari, saiberi na shule zetu zilinunuliwa mtumba, na ndani yake bado kuna diski ngumu ya kuzunguka, ya GB 320 au 500. Mwanzoni huenda vizuri. Baada ya muda zinaanza kuchelewa: mteja yuko kaunta anasubiri kuchapishiwa wasifu wake, nawe unangoja faili moja ifunguke. Ukiuliza, jibu la haraka utakalopewa ni "weka programu ya difragi". Ushauri huo una ukweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Difragi, yaani kukusanya vipande vya faili vilivyotawanyika na kuviweka mahali pamoja, huisaidia diski ya aina moja tu, tena ikiwa nzima. Diski iliyokwisha kuanza kufa, kazi hiyo inaweza kuimaliza usiku mmoja, na data zako zikaenda nayo. Kwa hiyo tutaanza na diski. Programu zina zamu yake.

Kwa nini faili iliyokatika huchelewa

Ndani ya diski ngumu kuna sahani zenye utando wa sumaku. Katika laptopu nyingi sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na katika kompyuta nyingi za mezani mara 7,200. Kila uso wa sahani una kichwa cha kusomea na kuandikia, na vichwa vyote vimeshikwa na mkono unaokwenda na kurudi. Windows nayo huigawa kila faili katika sehemu ndogo ziitwazo klasta, ambazo kwa kawaida ni za KB 4 kwenye mfumo wa faili wa NTFS. Diski ikiwa na nafasi ya kutosha, klasta za faili moja hufuatana. Diski ikikaribia kujaa, huku unafuta hiki na kuongeza kile kila siku, nafasi zinazobaki ni vijitundu vilivyosambaa, na faili mpya hulazimika kumegwa ili itoshe humo.

Hasara yake inahesabika. Sahani ya mizunguko 5,400 humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11 hivi, kwa hiyo kichwa kikishafika kwenye njia yake husubiri kwa wastani milisekunde 5 na nusu mpaka data ipite chini yake. Ongeza milisekunde 10 hadi 12 za safari ya mkono, kila mruko unakugharimu kama milisekunde 16 au 17. Sasa chukua faili ya MB 100 kwenye diski inayosoma MB 100 kwa sekunde. Ikiwa haijakatika, itasomwa kwa sekunde moja. Ikiwa imekatwa vipande 1,000, miruko peke yake itakula sekunde 16 au 17 kabla hujahesabu muda wa kusoma. Huo ndio ucheleweshaji ambao difragi inauondoa, na kwa mtu anayefungua faili za namna hiyo kutwa nzima, tofauti yake ni kubwa.

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha lini usijisumbue. Video ya GB 2 iliyokatwa vipande vitano haina tatizo lolote. Kila kipande ni cha mamia ya MB na kusomwa kwake kunachukua sekunde kadhaa, ilhali mruko wa kwenda kipande kinachofuata ni chini ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Ndiyo maana tangu Windows Vista, kifaa cha Microsoft hakihangaiki na vipande vinavyozidi MB 64, kwa kuwa faida ya kuviunganisha ni ndogo mno. Programu inayokuonyesha ramani iliyojaa nyekundu kwa ajili ya video kama hizo inakutia hofu bure. Zinazohitaji msaada ni faili zinazoandikwa kidogokidogo kila siku: data za programu ya hesabu za duka, sanduku la barua pepe la Outlook, hifadhidata ya wanafunzi, na faili zilizopakuliwa kwa vipande.

Je, diski yako ni ya kuzunguka?

SSD, aina ya diski inayohifadhi data kwenye chembe za kielektroniki, haina sahani wala mkono. Kipande kilicho mwanzo na kilicho mwisho vinafikiwa kwa muda ule ule, takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde au pungufu. Zaidi ya hayo, kidhibiti kilicho ndani ya SSD huhamisha data chenyewe ili chembe zote zichakae kwa usawa, hivyo ramani unayochorewa na programu ya difragi hailingani na mahali data zilipo hasa. Unachopata ni kuandika upya mamia ya GB bila faida, na kila chembe ya SSD ina idadi ya kuandikwa inayoweza kuvumilia. Fleshi na kadi za kumbukumbu ziko katika kundi hilo hilo. Usizifanyie difragi.

Kinachoisaidia SSD ni amri iitwayo TRIM, inayoiambia ni sehemu zipi hazitumiki tena. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, kifaa cha Windows kikigundua kuwa diski ni SSD huipelekea amri hiyo na si difragi ya kawaida. Kwa hiyo ukiikuta SSD yako kwenye orodha ya diski zinazoboreshwa kila wiki, usishtuke wala usizime ratiba.

Kuitambua diski ni kazi ndogo. Bonyeza kitufe cha Windows kwenye kibodi, andika neno defrag, kisha fungua Defragment and Optimize Drives. Tazama safu ya Media type: utasoma Hard disk drive kwa diski ya kuzunguka, au Solid state drive kwa SSD. Katika Windows 11, na katika Windows 10 ya kuanzia mwaka 2020, unaweza pia kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ukaenda Performance, na aina ya diski ikaonekana chini ya jina lake. Windows 7 haionyeshi hivyo. Huko fungua Device Manager, nakili namba ya modeli ya diski, uitafute kwenye intaneti. Diski iliyo ndani ya kasha la USB wakati mwingine hutambulishwa vibaya, kwa hiyo kwa hizo amini namba ya modeli kuliko maneno ya kwenye skrini.

Afya kwanza

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiruke hata mstari mmoja. Difragi huilazimisha diski isome na kuandika kwa saa kadhaa mfululizo, mkono ukienda na kurudi bila kupumzika. Diski nzima huvumilia. Diski yenye sekta mbovu, yaani vijisehemu visivyosomeka vizuri, haivumilii, na dalili ya diski mbovu inafanana sana na dalili ya faili zilizokatika: kompyuta inachelewa, faili inagoma kufunguka, skrini inaganda. Mtu anayekimbilia difragi kwa sababu ya dalili hizo bila kupima anaweza kuwa anampa mgonjwa mzigo wa kubeba.

Sikiliza kwanza. Mlio wa kugonga unaojirudia, au mkwaruzo, ni onyo la mwisho. Zima kompyuta na utafute mtu wa kukusaidia kunakili data. Kama hakuna mlio, pakua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu ambazo diski yenyewe huziweka kuhusu afya yake. Itakuonyesha neno Good, Caution au Bad, lakini usiishie hapo. Angalia mistari mitatu: 05, inayohesabu sekta mbovu zilizokwisha kubadilishwa na za akiba, C5, inayohesabu sekta zinazotiliwa shaka, na C6, inayohesabu zilizoshindikana kabisa kusomeka. Tazama safu ya Raw values. Zikiwa sifuri zote tatu, endelea. Tahadhari moja: mara nyingi safu hiyo huandikwa kwa mfumo wa namba wenye herufi, hivyo ukiona A mwishoni ni kumi, na ukiona 10 ni kumi na sita.

Mstari wa 05 wenye namba ndogo isiyoongezeka wiki hadi wiki unaweza kuvumilika kwa muda, ukiwa na nakala ya akiba. C5 au C6 ikiondoka sifuri, sahau difragi. Usianze hata na amri ya chkdsk yenye /r, kwa kuwa nayo husoma diski nzima na kuichosha. Nakili data kwanza, ukianza na zisizoweza kupatikana tena popote: picha za familia, hesabu za biashara, rekodi za wanafunzi, mikataba. Filamu na programu ziache mwisho, au ziache kabisa.

Hata diski ikiwa na afya kamili, chukua nakala ya akiba ya faili muhimu kabla hujaanza. Weka kwenye diski nyingine, isiwe sehemu nyingine ya diski ileile. Kuna watu huona D: wakadhani ni diski ya pili, kumbe C: na D: zimegawanywa kutoka sahani zilezile, na sahani zikifa zinakufa zote.

Huenda tatizo si vipande

Fungua Task Manager (Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja) kompyuta inapokuwa nzito, utazame safu za Disk na Memory. Kama Memory iko asilimia 90 na zaidi kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 2 au 4, Windows inatumia diski kama nyongeza ya RAM, na diski ya kuzunguka haiwezi kazi hiyo kwa kasi unayoitaka. Hapo difragi haitabadilisha chochote unachoweza kukihisi. Ongeza RAM, au punguza programu zinazojiwasha zenyewe kwenye sehemu ya Startup. Kama Disk inasoma asilimia 100, bofya kichwa cha safu hiyo ili uone ni programu gani inayoila. Mara nyingi ni antivirusi inayokagua, au Windows inayopakua masasisho, ngoja zimalize. Ikiwa ni programu usiyoijua, na kompyuta hupokea fleshi za kila mteja anayeingia, shuku virusi kabla ya kushuku vipande.

Baada ya hapo, safisha. Kupanga upya takataka ni kupoteza saa na kuchosha diski. Zaidi ya hilo, difragi inahitaji nafasi tupu ya kuhamishia vipande. Toleo la zamani la kifaa cha Microsoft lilitaka angalau asilimia 15 ya diski iwe wazi, na kipimo hicho bado ni kizuri. Kwa diski ya GB 500, ambayo Windows huionyesha kama GB 465, hiyo ni kama GB 70. Anza na folda ya Downloads, ambako kwenye kompyuta za biashara hujaa vyeti na fomu zilezile zilizopakuliwa mara nyingi. Kisha endesha Disk Cleanup, ubofye Clean up system files, ili masasisho ya zamani yaondoke. Mwisho mwaga pipa la taka. Kwenye kompyuta ya mezani isiyotumia hali ya kulala usingizi mzito, amri powercfg /h off, ikiandikwa kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kwa haki za msimamizi, hufuta faili moja kubwa na kukurudishia GB kadhaa. Kwenye laptopu fikiri kwanza, maana hali hiyo ndiyo inayookoa kazi yako betri inapoisha.

Anza na kifaa ulicho nacho

Microsoft iliweka programu ya difragi ndani ya MS-DOS 6 mwaka 1993, ikiwa imepewa leseni na kampuni ya Symantec, na tangu Windows 95 watu walikaa wakitazama viboksi vya rangi vikihamahama kwenye skrini. Vista iliondoa ramani hiyo na kuifanya kazi iende yenyewe kila wiki. Wengi waliona wamenyang'anywa kitu, na programu nyingi za kulipia zilijiuza kwa kurudisha viboksi. Lakini viboksi haviharakishi faili. Kwa diski ya kuzunguka iliyo nzima, kifaa kilichomo ndani ya Windows kinatosha watumiaji walio wengi, na ndicho ninachokushauri ukitumie kabla ya kupakua chochote.

Fungua Defragment and Optimize Drives, chagua diski, bofya Analyze. Utapewa asilimia. Mwongozo wa Microsoft wa zama za Windows 7 uliweka mpaka kwenye asilimia 10, nami naufuata: chini ya hapo acha ilivyo, juu ya hapo bofya Optimize. Kabla ya kubofya, funga programu zote, chomeka chaja, na uzuie kompyuta kulala kupitia mipangilio ya umeme. Diski ambayo haijaguswa kwa miaka inaweza kuchukua saa nyingi, kwa hiyo ifanye jioni baada ya kufunga kazi. Utaona awamu zikihesabiwa, Pass 1, Pass 2 na kuendelea. Si dalili ya hitilafu.

Umeme ukikatika katikati? NTFS hunakili kipande mahali papya kwanza, ndipo ibadilishe kumbukumbu ya faili kilipo, hivyo kwa kawaida faili haipotei. Hata hivyo kuzimika ghafla si jambo jema kwa diski yoyote inayozunguka. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, na kama mtaa wako una mgao wa umeme, chagua saa ambazo umeme huwa na utulivu. Ukihitaji kompyuta kabla kazi haijaisha, bofya Stop. Kilichokwisha kupangwa kitabaki kimepangwa.

Sasa kuna jambo ambalo wenye maduka wengi hawalifikirii. Ratiba ya wiki imewashwa tangu Windows inaposakinishwa, lakini matengenezo hayo yamewekewa saa 8 usiku, na kama kompyuta imezimwa hufanyika baadaye wakati haina kazi. Kompyuta inayowashwa saa 2 asubuhi, ikafanya kazi bila kupumzika, kisha ikazimwa ukutani saa 12 jioni, haina saa ya bure. Laptopu inayotumia betri nayo hupitwa. Tazama safu ya Last run: ukikuta Never run au tarehe ya mwaka uliopita, umeshapata maelezo. Dawa yake ni kuiacha kompyuta imewashwa saa mbili tatu baada ya kufunga, siku moja kwa wiki, ikiwa kwenye umeme na bila mtu kuigusa.

Anayependa amri anaweza kufungua Command Prompt kwa haki za msimamizi na kuandika defrag C: /A /V, apate ripoti ndefu yenye idadi ya faili zilizokatika na ukubwa wa nafasi tupu iliyo kubwa kuliko zote. Amri defrag C: /O hufanya kazi inayofaa aina ya diski, iwe difragi au TRIM. Ile ya defrag C: /X hukusanya nafasi tupu, na inafaa kabla ya kunakili faili kubwa sana. Kama unategemea nukta za kurejesha mfumo, fahamu kuwa difragi nzito inaweza kusababisha zile za zamani kufutwa, kwa kuwa Windows huhesabu baadhi ya uhamishaji kama mabadiliko ya data.

Programu ya ziada: nani anaihitaji, na aichague vipi

Sababu iliyo na mashiko ni kutaka kushughulikia faili moja au folda moja bila kuisubiri diski nzima. Mhasibu ambaye faili yake ya hesabu imekatwa vipande maelfu hana haja ya kuhamisha GB 300 za mambo mengine. Kwake napendekeza Contig, kifaa kidogo cha bure kilichoandikwa na Mark Russinovich, ambacho leo hutolewa na Microsoft katika mkusanyiko wa Sysinternals. Hakina madirisha, ni amri tu: contig -a ikifuatwa na njia ya faili hukuambia ina vipande vingapi, na bila -a huiunganisha. Funga kwanza programu inayoitumia faili hiyo.

Asiyependa amri atafaidika na Defraggler ya Piriform, inayoorodhesha faili zilizokatika na kukuruhusu kuchagua uzitakazo. Udhaifu wake ni umri: haijapata toleo jipya tangu 2018. Kwenye diski ya kuzunguka yenye NTFS bado inafanya kazi, ila usiielekeze kwenye SSD. Auslogics Disk Defrag ya bure ina mwonekano mzuri na husasishwa, lakini wakati wa kuisakinisha soma kila ukurasa na uondoe alama za tiki kwenye mapendekezo ya programu nyingine usizoziomba. O&O Defrag, ya kampuni ya Berlin, Ujerumani, ni ya kulipia na inafanya kazi yake vyema; kwa ofisi yenye seva ya diski za kuzunguka naweza kuielewa, kwa kompyuta moja ya nyumbani siioni faida inayolingana na bei. Baadhi ya programu hizi hujivunia kupanga faili za mfumo kabla Windows haijawaka. Inawezekana, na mara chache inasaidia, lakini mtumiaji wa kawaida hataiona tofauti.

Unapopima programu yoyote ambayo sijaitaja, tafuta mambo haya. Itambue SSD na ikatae kuifanyia difragi, au angalau ikuonye. Ionyeshe tarehe ya toleo lake la mwisho na jina la aliyeitengeneza. Ikuruhusu kuchambua bila kulipa. Ikikuambia baada ya sekunde chache kwamba kompyuta yako ina maelfu ya makosa na ikakudai pesa ili iyarekebishe, iondoe siku hiyo hiyo. Programu ya difragi haina kazi na rejista ya Windows, wala haiongezi kasi ya intaneti. Inayoahidi vyote hivyo inauza hofu.

Pakua kwa mwenyewe aliyeitengeneza, kamwe si kwa kurasa za wapita njia, na usikubali toleo lenye kraki lililoletwa kwenye fleshi. Programu ya difragi hupewa haki za msimamizi, yaani inaweza kugusa faili yoyote uliyo nayo. Mwaka 2017 wahalifu waliingiza msimbo mbaya ndani ya CCleaner, programu dada ya Defraggler, na toleo hilo likasambazwa kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe na kuwafikia watumiaji zaidi ya milioni 2 kabla halijagunduliwa. Kama hilo liliwezekana kwenye chanzo halali, fikiria kilichomo kwenye toleo lililovunjwa na mtu asiyejulikana.

Ukishachagua, baki na moja. Programu mbili zenye ratiba zao hupanga kwa mitindo tofauti, kila moja ikivuruga kazi ya mwenzake, na diski ndiyo inayoumia. Pia pima. Kabla ya difragi, tumia saa ya simu kuhesabu muda wa kompyuta kuwaka na muda wa kufungua faili yako nzito kuliko zote. Rudia baada ya difragi, kompyuta ikiwa imezimwa na kuwashwa upya. Kama namba hazijabadilika, tatizo lako liko kwingine na hakuna programu ya difragi itakayolitibu.

Kwa diski ya nje iliyotawanyika sana, kuna njia ya zamani isiyohitaji programu yoyote: nakili kila kitu kwenye diski nyingine, hakiki kwamba faili zinafunguka, ifomati ile ya kwanza, kisha rudisha. Faili zitaandikwa zikifuatana. Wanaotumia Linux yenye mfumo wa faili wa ext4 wanaweza kupima kwa amri e4defrag -c, na wengi watakuta hawahitaji kufanya lolote mpaka diski ikaribie kujaa.

Pesa yako iende wapi

Kama ulikuwa umetenga pesa ya kununua programu ya difragi, ongeza kidogo ununue SSD ya inchi 2.5. Inaingia pale pale ilipokuwa diski ya zamani kwenye laptopu nyingi zenye diski ya kuzunguka, na kwenye kompyuta ya mezani hutumia waya zilezile za SATA. Diski ya kuzunguka husoma karibu MB 100 kwa sekunde ikiwa katika hali yake bora. SSD ya SATA hufika kama MB 500, na haina miruko ya kusubiri. Clonezilla, programu huria, itanakili mfumo mzima kutoka diski moja kwenda nyingine, mradi SSD isiwe ndogo kuliko diski unayoiacha. Hakuna difragi itakayoipa kompyuta ya mtumba badiliko la namna hiyo.

Diski ya zamani, kama 05, C5 na C6 bado ni sifuri, itie kwenye kasha la USB iwe ya nakala za akiba. Lakini usiiuze wala kuitupa kabla hujaifuta kikamilifu. Difragi huhamisha data na kuacha masalia pale zilipokuwa, na fomati ya haraka haiyagusi. Kama umewahudumia watu kwa kompyuta hiyo, humo mna vyeti vyao, picha za pasipoti na namba za vitambulisho. Unapoifomati, ondoa tiki kwenye Quick Format. Windows kuanzia Vista itaandika sifuri juu ya kila sehemu ya diski unayoifomati, kazi ya saa kadhaa, na wateja wako wanastahili saa hizo.